Ukishapiga chuma ule nini? Historia ya sahani ya mbeba vyuma

Samahanini kwa kimya kirefu, tulikuwa na testi tatu ndani ya wiki moja na mnajua mambo ya chuo yanavyokuwa. Leo sina habari za mgomo wala za mapenzi. Leo naongelea msosi, ila nitapitia njia ya somo langu la historia, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Wanaonifahamu wanajua kwamba tangu muhula huu uanze nabeba vyuma. Siyo jimu ya maana, ni pale nyuma ya hosteli, na chuma chenyewe ni bomba lililochomekwa kwenye madebe mawili ya zege. Nilianza na kilo 62, na nilikuwa nazo hizohizo tangu kidato cha tano. Nilichoka kuitwa njiti.

Basi bwana, bumu lilipoingia tu nikaenda duka moja mjini nikanunua kopo la unga wa protini. Bei siitaji, maana mama anaweza kusoma hapa, ila ni pesa ya kula wiki tatu. Muuzaji akaniambia ninywe ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, la sivyo jasho langu lote limekwenda bure. Nikaamini. Ili kufidia ile pesa nikafuta chakula cha usiku. Nikawa napiga chuma jioni, nakoroga unga na maji, nalala.

Wiki ya tatu nikiwa nimelala kwenye benchi, mikono ikagoma katikati na bomba likanishukia kifuani. Bahati rumeti wangu alikuwa karibu, akalinyanyua. Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Mshikaji, leo umekula nini?" Nikahesabu: chai, andazi moja na ule unga. Kesho yake nikapanda mzani. Kilo 60. Yaani nilitoa pesa ili nikonde!

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza, hii habari kwamba nguvu inatoka kwenye kitu kimoja cha bei mbaya ilianzia wapi? Kwenye historia tunafundishwa kuuliza maswali matatu: nani kasema, kasema lini, na anafaidika nini. Nikaingia maktaba.

Mzee wa kwanza kwenye hadithi hizi ni Milo wa Croton, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, mpiga mieleka aliyeshinda mara nyingi kule Olympia. Wanasema alibeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Wanasema pia alikula karibu kilo tisa za nyama na mikate ya uzito huohuo, akashushia na lita kama kumi za divai, kwa siku moja. Sawa, ila nani kasema? Mwandishi Athenaeus, aliyeishi karibu miaka 700 baada ya Milo. Ni kama mimi nikwambie leo mfalme wa Kilwa alikula nini mchana. Na waandishi wa kale wenyewe wanasema wanamichezo wa Ugiriki wa mwanzo walikula tini kavu, jibini laini na ngano. Nyama ilikuja baadaye.

Ukihamia Roma mambo yanakuwa matamu zaidi. Magladieta, wale miraba minne wa kwenye filamu, walikuwa na jina la utani lililomaanisha "wala shayiri". Daktari Galen, aliyeanza kuwatibu kule Pergamon mwaka 157, alilalamika kwamba wanakula sana supu ya maharage na shayiri, eti inawapa minofu mingi lakini laini. Huyu alikuwa anawaona kwa macho yake. Na siyo maneno matupu. Mwaka 1993 yaligunduliwa makaburi ya magladieta Ephesus, Uturuki, na mwaka 2014 watafiti wa Vienna na Bern wakatoa matokeo ya kupima mifupa yao: chakula chao kikubwa kilikuwa nafaka na jamii ya kunde, siyo nyama. Kwa kifupi, makande!

Sasa imani ya protini ilitoka wapi? Twende Ujerumani. Mwaka 1842 mkemia Justus von Liebig aliandika kwamba msuli ukifanya kazi unajichoma wenyewe, yaani protini ndiyo mafuta ya injini. Alikuwa mtu mkubwa, watu wakamwamini. Mwaka 1865 ikaanzishwa London kampuni yenye jina lake, ikiuza rojo la nyama kwenye chupa. Lilisifiwa kama chakula cha nguvu, kumbe ilikuwa ladha ya nyama tu, protini karibu hamna.

Mwaka huohuo 1865, maprofesa wawili wa Zürich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliamua kumjaribu mzee Liebig kwa miguu yao. Kuanzia siku iliyotangulia waliacha protini kabisa. Wakala vitumbua vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, wakanywa chai yenye sukari, kisha wakapanda mlima Faulhorn kule Uswisi, karibu mita 2,000 kwenda juu, huku wakikusanya mkojo wao ili wapime naitrojeni. Hesabu zikagoma: protini waliyoichoma isingetosha kuwafikisha kileleni. Kilichowapandisha ni wanga na mafuta. Jamani, uprofesa nao una kazi zake.

Tusikosee hapa. Protini inahitajika, hasa kwa mtu anayepiga chuma, kwa sababu ndiyo inayotengeneza na kukarabati msuli. Chukua mfano wa daladala. Ugali na wali ni petroli, maharage na mayai ni spea. Mimi nilikuwa nanunua spea wakati tenki liko tupu. Mbaya zaidi, mwili ukikosa petroli unaanza kuchoma spea zilezile. Ndiyo maana mzani ulinisuta.

Na lile kopo? Hilo tuvuke bahari, Marekani. Bob Hoffman wa mji wa York, Pennsylvania, alikuwa na kiwanda cha vyuma, alifundisha timu ya taifa ya kunyanyua vyuma, na tangu 1932 alikuwa na jarida lake, Strength & Health. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kuuza unga wake, Hi-Proteen, uliotokana na soya. Na nani aliusifu? Jarida lilelile. Swali la tatu hapo linajijibu lenyewe.

Lakini Marekani hiyohiyo alikuwepo Peary Rader wa Nebraska, aliyeanzisha jarida la Iron Man mwaka 1936. Huyu alikuwa njiti mwenzangu, miaka na miaka mwili haukubali. Kilichombadilisha, kwa maelezo yake, ni kuchuchumaa na chuma kizito mabegani na kula sana, hasa maziwa. Vijana waliofuata njia hiyo walifika mpaka galoni moja kwa siku, karibu lita nne. Hizo ni zaidi ya kalori 2,000 kabla hujagusa sahani. Hamna siri pale, ni wingi wa chakula.

Ushahidi ulionimaliza ni wa Sweden, mwaka 1966. Jonas Bergström na Eric Hultman walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja huku mwingine umepumzika. Kisha wakatoboana mapaja kwa sindano kuangalia glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya msuli. Mguu uliofanya kazi ulikuwa mtupu. Walipokula wanga kwa siku tatu, mguu uleule ukajaza akiba karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Kwa hiyo msuli uliotoka kazini unaulilia wanga. Wali wako wa usiku una kazi pale.

Na ile nusu saa ya muuzaji? Mwaka 2013 Alan Aragon na Brad Schoenfeld walipitia tafiti wakaona mlango haufungwi haraka hivyo. Ukiwa umekula saa chache kabla, una muda wa kutosha. Mwaka 2018 uchambuzi wa tafiti 49 ukaonyesha kwamba faida ya protini kwenye msuli hufika kikomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwangu mimi ni kama gramu 100. Unga unaweza kusaidia kufika hapo, siukatai, nao ni chakula. Ila ni kiraka cha sahani, siyo sahani.

Sahani yenyewe sasa. Wali wa kushiba, gramu 400 hivi, ni kalori kama 520. Maharage gramu 200, kalori 250. Mayai mawili ya kuchemsha, 150. Nusu parachichi kubwa, 160. Ndizi mbivu, 100. Jumla karibu 1,200, na protini gramu 40 zinapatikana bila kopo. Siku mfuko umekauka natoa mayai, naongeza maharage na karanga. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 500 na protini gramu 25 hivi. Wenye uwezo waongeze mtindi.

Hii ni wiki ya sita nakula hivyo kwa mama ntilie kila nikitoka kwenye bomba. Nina kilo 64. Bado njiti, ila njiti mnene kidogo. Mama ntilie keshanizoea, akiniona nakuja na jasho anaongeza upawa wa maharage bila kuambiwa.

Kuna fasti yea mmoja alinifuata juzi kuuliza lile kopo nililinunua wapi, bumu lake limeingia. Nikamshika mkono nikampeleka kwa mama ntilie, siku ya kwanza nikalipa mimi. Na wewe ukimuona mwenzako anapiga chuma huku anaruka mlo, usimcheke. Muulize tu amekula nini.

Haya wadau, naenda kwenye bomba. Wiki njema.