Hirola Mahakamani: Wafugaji wa Garissa na Kesi ya Mwaka 1996

Wengi wetu tukisikia "haki za binadamu" tunafikiria polisi, kitambulisho na korokoroni. Tukisikia "mazingira" tunafikiria Mzungu na darubini yake anatazama twiga. Mambo mawili mbali mbali kama Mandera na Mombasa. Lakini mwaka 1996 wafugaji wa hapa hapa Garissa waliyafunga mambo hayo kwa kamba moja wakayapeleka mbele ya jaji. Kisa hiki vijana wengi hawajakisikia, na kwa maoni yangu kilistahili kufundishwa shuleni kabla ya mambo mengi tunayokaririshwa.

Kwanza mnyama mwenyewe. Hirola ni jamaa ya kongoni na nyamera, rangi ya mchanga, na usoni ana alama chini ya macho zinazomfanya aonekane kama ana macho manne. Maskani yake ya asili ni kati ya Mto Tana na Mto Juba, basi. Kwingineko duniani hayuko, isipokuwa wale waliopelekwa Tsavo Mashariki. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu, zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500. Sotoka iliwapiga miaka ya 1980, ukame ukaja, majangili nao hawakulala. Tena ndovu walipomalizwa na majangili hao hao, hakukuwa na wa kuangusha miti, nyika ya majani ikageuka vichaka, na hirola ni mla majani. Serikali ilitenga Hifadhi ya Arawale miaka ya 1970 kwa ajili yake, lakini kutenga kwenye karatasi na kulinda porini ni vitu viwili.

Sasa swali: katika miaka hiyo mnyama anaisha, watu wa huku walikuwa katika hali gani? Tangu enzi za Mwingereza eneo hili lilikuwa limefungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Mwishoni mwa 1963 ikatangazwa hali ya hatari, vita vya shifta vikaja, na sheria za hatari hazikufutwa mpaka 1991. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto na wanajeshi, watu wakakusanywa uwanjani. Februari 1984 yakatokea ya Wagalla, kule Wajir. Mtu anayeogopa kukutana na askari porini atakwenda kumripoti jangili kwa nani? Mimi naona hapa ndipo haki na mazingira vinapokutana. Pahali ambapo mchungaji hana sauti, hata mnyama hana mlinzi. Silaha zilijaa, raia akanyamaza, ndovu na hirola wakamalizwa.

Basi mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaja na mpango wa kuwakamata hirola na kuwahamishia Tsavo Mashariki. Tuseme ukweli, mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Mwaka 1963 wachache walikuwa wameshapelekwa huko wakaishi, na ukiwa na mayai yako yote katika kapu moja lazima uhofie kapu hilo kuanguka. Tatizo ni kwamba wenye nyika waliona uamuzi umeshafanywa juu ya vichwa vyao. Baadhi ya wanyama walihamishwa kweli mwaka huo. Lakini Abdikadir Sheikh Hassan na wenzake wanne walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki KWS, wakaomba amri ya kuzuia hirola kuondolewa katika makazi yao ya asili.

Ili uone uzito wa jambo hili, kumbuka yaliyompata Wangari Maathai mwaka 1989. Alikwenda mahakamani kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi ikatupwa. Ati hakuonyesha yeye binafsi atadhurika vipi kuliko watu wengine! (Jumba lenyewe halikujengwa mwishowe, lakini si kwa sababu ya mahakama.) Miaka saba baadaye wafugaji wa Garissa, watu ambao sheria za hatari zilikuwa zimewatoka shingoni miaka mitano tu, walisikilizwa. Mahakama ilikubali kwamba kwa mila, wenye haki ya kutumia ardhi wana haki pia katika matunda yake, wakiwemo wanyama na mimea, isipokuwa sheria iseme vingine. Ikasema pia kazi ya KWS ni kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili, si kuwahamisha. Amri ikatolewa.

Waislamu tukisoma hukumu hiyo haitupi mshangao sana. Sira inajua hima, yaani malisho yaliyotengwa. Mtume (s.a.w.) alitenga Naqii, karibu na Madina. Sayyidna Umar (r.a.) naye alipomweka Hunayy kusimamia hima yake, alimwagiza awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aruhusiwe kuingia. Matajiri wenye mitende na mashamba ya kurudia, hata wakiwa maswahaba wakubwa, wazuiwe. Angalia: malisho yamelindwa, na wa kwanza kufikiriwa ni maskini wa jirani. Hakumfukuza mchungaji ndipo ahifadhi majani.

Tusidanganyane lakini. Kushinda kesi hakukumnyanyua hirola. Arawale ilikaa miaka na miaka bila ulinzi wa maana. Kilichobadilisha mambo kidogo ni jamii za Ijara kuanzisha hifadhi yao wenyewe, Ishaqbini, kando ya Tana, katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2012 wakazungushia uzio sehemu yake kuzuia simba na wanyama wengine wala nyama, wakaingiza hirola 48. Miaka michache baadaye wakapita 100. Walinzi wake wanatoka vijiji vile vile.

Hata hizi hifadhi za jamii zina maswali yake. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za huko, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Maneno yale yale ya 1996: mliwauliza wenyewe?

Siku hizi mlango wa mahakama ni mpana zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba amedhurika yeye mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inataka jamii ijisajili, iwe na daftari la wanachama na kamati yake. Ardhi ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Wale watano wa 1996 hawakuwa na daftari wala kamati ya namna hiyo. Ardhi ilikuwa ya amana chini ya baraza la kaunti, na walichokwenda nacho kwa jaji ni mila ya malisho.