Engaruka: Kijiji Kinachoishi kwa Mto Mmoja

Ndugu wana-Engaruka na marafiki zetu, kabla ya kufungua daftari la michango ya mwaka huu, tunaomba tukumbushane tulikotoka.

Kijiji chetu kipo wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye barabara itokayo Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron. Upande wa kaskazini tunautazama mlima Kerimasi, na nyuma yake Oldoinyo Lengai, volkano iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007. Mvua kwetu ni haba. Mashamba yetu yanategemea mto Engaruka, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro.

Waliotutangulia walilijua hilo. Tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18 waliishi hapa wakulima walioyachepusha maji ya mito na kuyaongoza kwa mifereji ya mawe hadi kwenye mashamba yaliyoenea kilomita za mraba zipatazo 20. Waliyagawa kwa kuta za mawe na kuyasawazisha, maji yasije yakakimbia na udongo. Walilima mtama, wakafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyumba zao walizijenga mlimani juu ya matuta ya mawe, ardhi tambarare wakaiachia mazao. Mjerumani Gustav Fischer alipita kwenye magofu hayo mwaka 1883, na Louis Leakey akayachunguza mwaka 1935.

Hatimaye watu hao waliondoka. Wataalamu wanataja sababu zaidi ya moja, mojawapo ikiwa kupungua kwa maji. Baadhi ya mito iliyonywesha mashamba yale leo ni makorongo makavu. Wapo wanaosema wajukuu wao ni Wasonjo, wengine husema ni Wairaqw. Sisi tuliopo, Wamaasai na wenzetu wa makabila mengine, tumerithi mto wao.

Ndiyo maana michango ya mwaka huu tumeielekeza kwenye mifereji. Pale mfereji ulipo wa udongo mtupu, maji huzama njiani, na mwenye shamba la mwisho hungoja zamu isiyofika. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Tukijengea mifereji na kuutunza msitu wa juu unaoulisha mto, watoto wetu hawatalazimika kuhama.

Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchangie.