Bushi za Datsun na Barabara ya Zambia

Kwa miezi mingi niliusikia mlio ule nikajifanya siusikii. Ulitoka nyuma ya gari kila nilipovuka tuta, ng'o, ng'o, nami naongeza sauti ya redio. Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili, nililolinunua Iringa likiwa chakavu. Sababu ilikuwa utoto tu: aina hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta.

Siku moja tulikuwa tukirudi Mbeya kutoka Iringa, mimi na binti yangu. Kwenye mteremko wa Inyala nilikata kona, mkia wa gari ukaenda njia yake. Lori la mizigo lilitupita karibu mno. Mtoto hakusema neno mpaka nyumbani. Akateremka, akasema, "Baba, mimi humo sipandi tena."

Bushi, msomaji, ni kitu kidogo. Ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine. Bomba la nje hukaa kwenye mkono unaoshika gurudumu, la ndani hubanwa na bolti, na mpira hujipinda katikati yake gurudumu linapopanda na kushuka. Ukichoka, gurudumu halijui tena mahali pake.

Baba yangu alizijua bushi kabla sijazaliwa. Wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta imefungiwa njia yake ya kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na shaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo: vumbi kiangazi, tope masika, na malori yaliyopinduka kando. Magazeti ya Kizungu yaliipachika jina la Njia ya Jehanamu. Baba alikuwa utingo kwenye lori la Fiat. Bomba la TAZAMA lilipoanza kusukuma mafuta mwaka 1968 mzigo ulipungua, kisha ikaja lami, na mwaka 1976 reli iliyojengwa na Wachina ikakabidhiwa. Hayo yote yameandikwa. Baba alikuwa akisimulia mengine: springi zilizokatika usiku porini, na bushi walizochonga kwa kisu kutoka tairi bovu ili wafike Makambako.

Kwa hiyo fundi wangu wa Mwanjelwa aliposema, "Mzee, nikuchongee za tairi la lori? Hizo hazifi," nusura nikubali kwa heshima ya marehemu. Lakini mpira wa tairi haukushikamana na chuma. Haujipindi, husuguana tu. Lori la mwendo wa pole laweza kuvumilia. Gari jepesi lenye kasi litarudi kuyumba. Nikasubiri za mpira, kutoka kwa mtu aagizaye vipuri Japani.

Kuzitoa za zamani ndiko kulikotutesa. Nyuma ya 240Z, kila upande, kuna pini ndefu inayopita chini ya gurudumu. Maji huingia, kutu huishika kama saruji. Tulitia mafuta, tukapiga nyundo, tukachoma kwa gesi mpaka mtaa mzima ukanuka mpira. Pini ya kushoto ilitoka siku ya pili. Ya kulia tuliikata kwa msumeno, na kuagiza nyingine. Bushi yake ilipotoka ilikuwa imepasuka pande zote. Fundi akaipitisha kidole, akanitazama, hakusema kitu. Nilijua anachotaka kusema.

Tulipopachika mpya nilitaka kukaza bolti pale pale, gari likiwa bado juu ya jeki. Fundi akanizuia. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira utakuwa umejipinda tayari siku gari linaposimama chini, nao utachanika mapema. Gari lishushwe juu ya mbao imara, libebe uzito wake, ndipo akaze.

Akalishusha. Akasema afadhali wakae watu wawili ndani. Mimi nikaingia upande wa usukani. Binti yangu, aliyekuwa amekuja kuniletea chai, alisimama kidogo na chupa mkononi, kisha akafungua mlango wa pili, akakaa. Chini yetu tukasikia spana ikizunguka.