Saa za Ukutani za Kijerumani na Ushahidi wa Historia: Mfano wa Njia ya Niemba

Saa kuukuu ya ukutani yenye kugonga, iliyotengenezwa Ujerumani, ikionekana katika nyumba ya Kalemie au Niemba, ni rahisi kudhaniwa kuwa masalia ya utawala wa Kijerumani. Dhana hiyo haina mashiko. Wajerumani hawakutawala upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Albertville, ambayo ndiyo Kalemie ya leo, ilianzishwa na Mbelgiji Jules Jacques mwaka 1891.

Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kuusoma mtambo. Sanduku la mbao na akrabu huweza kubadilishwa, lakini bamba la shaba la nyuma aghalabu hubeba alama. Nyota ya ncha nane yenye herufi J ni ya Junghans, kiwanda kilichoanzishwa Schramberg mwaka 1861. Mishale miwili iliyopishana ni ya Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik, kiwanda cha mji huohuo. Saa za Gustav Becker wa Freiburg, Silesia, mji ambao leo ni Świebodzice nchini Poland, huwa na nanga, herufi G na B, pamoja na namba ya mfululizo inayosaidia kukadiria mwaka. Herufi D.R.P., yaani hataza ya dola ya Ujerumani, haziwezi kutangulia mwaka 1877, nazo D.R.G.M. haziwezi kutangulia 1891.

Hata hivyo, alama hizo hueleza mahali na wakati wa kutengenezwa, si njia iliyopitwa. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo, ipitayo Niemba, ilifika ziwani mwaka 1915. Kwa hiyo saa iliweza kuingia kutoka mashariki au magharibi. Tena Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, na mali ya vita nayo husafiri. Maandishi ya Kiingereza yanayotaja Ujerumani huashiria jambo jingine: sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilidai bidhaa za kigeni zitajwe nchi zilikotoka, hivyo yamkini saa hiyo ililengwa kwa masoko ya Waingereza.

Kiungo kinachobaki ni ushuhuda wa wenye nyumba: nani aliileta, aliinunua wapi, ilirithiwa na nani. Niemba, ambako wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walishambuliwa tarehe 8 Novemba 1960, imo katika eneo ambalo vita vimewahamisha watu mara nyingi, na ushuhuda huo hupotea upesi kuliko shaba. Mkusanyaji anayeichukua saa bila kuuliza hupata mtambo, na kuiacha historia yake nyuma.