Upimaji wa maarifa ya sayansi kwa watu wazima wenye ugumu wa hesabu

Upimaji wa maarifa ya sayansi kwa watu wazima ni jumla ya njia zinazotumika kutambua ni kwa kiasi gani mtu mzima anaelewa mambo ya msingi ya fizikia, kemia, biolojia na elimu ya Dunia. Njia hizo ni pamoja na madodoso ya kitaifa, mitihani ya watahiniwa wa kujitegemea na maswali ambayo mtu hujiuliza mwenyewe.

Kwa watu wenye ugumu wa hesabu upimaji huo una tatizo la pekee. Swali la sayansi likifungwa ndani ya hesabu, jibu lisilo sahihi halionyeshi kama mtu hajui sayansi au amekosea kukokotoa tu. Kwa sababu hiyo watu wengi walioacha masomo ya sayansi wakiwa vijana huamini maisha yao yote kwamba hawana akili ya sayansi, ingawa kilichowashinda kilikuwa hesabu.

Ugumu wa hesabu

Ugumu wa hesabu kwa mtu mzima una sababu mbalimbali:

- Diskalkulia ni tatizo la kujifunza linaloanza utotoni. Mtu mwenye akili ya kawaida hushindwa kupata hisia ya wingi wa vitu, huchanganya tarakimu na hasahau tu bali hashiki kabisa majedwali ya kuzidisha. Mwanasaikolojia Ladislav Košč wa Chekoslovakia alilieleza tatizo hilo katika makala yake ya mwaka 1974. Makadirio ya kawaida ni kwamba linawapata watu 3 hadi 7 katika kila 100.
- Akalkulia ni kupoteza uwezo wa kuhesabu kutokana na kuumia kwa ubongo, kwa mfano baada ya kiharusi. Jina hilo lilitolewa na daktari Msweden Salomon Henschen mwanzoni mwa karne ya 20.
- Hofu ya hisabati ni wasiwasi unaomjaa mtu anapoona namba, hata akasahau anayoyajua. Kipimo mashuhuri cha hofu hiyo kilichapishwa na Richardson na Suinn mwaka 1972.
- Kukosa mafunzo hutokana na kuhama shule, kuugua, uhaba wa walimu au kuacha masomo mapema. Hesabu hujengwa ngazi kwa ngazi, hivyo aliyekosa ngazi moja hupata shida katika zote zinazofuata.

Sababu hizi huweza kukutana kwa mtu mmoja. Hakuna hata moja inayomaanisha kwamba mtu hawezi kuelewa jinsi mwili, mimea, umeme au sayari zinavyofanya kazi.

Historia ya upimaji

Nchini Marekani mtafiti Jon D. Miller alianza kupima uelewa wa sayansi wa raia kwa madodoso ya kitaifa mwaka 1979. Mwaka 1988 watafiti wa Uingereza na Marekani waliwauliza watu wa nchi zote mbili maswali yanayofanana, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1989. Yaliwashtua wengi: ni asilimia 34 tu ya Waingereza na asilimia 46 ya Wamarekani walioonekana kujua kwamba Dunia huzunguka Jua mara moja kwa mwaka. Maswali ya namna hiyo yaliendelea kutumika katika nchi nyingi.

Jambo la kuangalia ni kwamba karibu maswali yote ya madodoso hayo hayana hesabu. Mtu husomewa sentensi na kujibu "kweli", "si kweli" au "sijui". Kwa hiyo mtu mwenye ugumu wa hesabu anaweza kujipima kwa maswali hayo bila kizuizi.

Mifano ya maswali

Sentensi zifuatazo zinafanana na zile za madodoso ya kimataifa. Majibu yamewekwa pamoja na maelezo, kwa kuwa kujua sababu ni muhimu kuliko kubahatisha.

- Kitovu cha Dunia ni cha moto sana. Kweli. Joto hilo ndilo linaloyeyusha miamba na kusababisha volkeno.
- Mabara yamekuwa yakisogea kwa mamilioni ya miaka. Kweli. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni mahali ambapo bara linaachana polepole.
- Antibiotiki huua virusi pamoja na bakteria. Si kweli. Huua bakteria peke yao. Mafua husababishwa na virusi, hivyo kuyatibu kwa antibiotiki hakusaidii, na huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa.
- Jeni za baba ndizo zinazoamua jinsia ya mtoto. Kweli. Yai la mama daima hubeba kromosomu X, na mbegu ya baba hubeba X au Y. Ujuzi huu una uzito katika jamii ambamo mwanamke hulaumiwa kwa kuzaa wasichana tupu.
- Elektroni ni ndogo kuliko atomu. Kweli. Elektroni ni sehemu ya atomu.
- Leza hufanya kazi kwa kukusanya mawimbi ya sauti. Si kweli. Leza ni mwanga.
- Mnururisho wote umetengenezwa na binadamu. Si kweli. Miamba mingi hutoa mnururisho kwa asili.
- Binadamu wa kwanza waliishi wakati mmoja na dinosauri. Si kweli. Dinosauri wakubwa walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, muda mrefu kabla ya binadamu kutokea.

Maswali yenye namba ndani yake

Madodoso hayo yana pia maswali machache ya uwezekano, na hapo ndipo wenye ugumu wa hesabu hukwama. Swali mashuhuri ni hili: daktari amewaambia wazazi kwamba kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi ugonjwa fulani. Mtoto wa kwanza akizaliwa na ugonjwa huo, je, watatu wanaofuata watakuwa salama?

Jibu ni hapana. Mfano wake wa kweli katika Afrika Mashariki ni selimundu. Mzazi mwenye jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S) kwa kawaida haumwi. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, kila mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Hakuna haja ya kukokotoa. Inatosha kuchukua vikombe viwili na kuweka katika kila kimoja punje moja ya maharage na moja ya mahindi. Maharage ni A, mahindi ni S. Ukichota punje moja katika kila kikombe bila kutazama, matokeo ni manne tu: A na A, A na S, S na A, S na S. Hilo la mwisho ndilo ugonjwa. Kabla ya mtoto wa pili punje hurudishwa vikombeni, na vikombe havikumbuki kilichotokea mara ya kwanza. Kila mtoto ana nafasi ileile.

Aliyeelewa mfano huo ameelewa sayansi ya urithi, hata kama hawezi kuandika robo kwa asilimia. Asiyeuelewa anaweza kuamua kuzaa tena akidhani kwamba "zamu ya ugonjwa" imekwisha kupita.

Mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer na wenzake wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba watu, wakiwemo madaktari, huelewa uwezekano vizuri zaidi unapotajwa kwa idadi ya watu badala ya asilimia. Tuchukue ugonjwa wa kufikirika unaowapata watu 10 kati ya 1,000. Kipimo chake hugundua 9 kati ya hao 10, lakini pia huwatangaza kimakosa kuwa wagonjwa watu 99 kati ya 990 wasio nao. Walioambiwa "unao" ni 108, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao ni 9 tu. Ndiyo maana mtu aliyepata jibu la kwanza la kutisha hupimwa tena kabla ya kuanza matibabu.

Swali moja kwa sura tatu

Maarifa yaleyale yanaweza kupimwa kwa njia tofauti. Mfano ni kanieneo, yaani kani inayokandamiza kila kipande cha eneo:

1. Kwa maelezo: Kwa nini kisu kikali hukata nyama kwa urahisi kuliko kisu butu?
2. Kwa uhusiano: Kani isipobadilika, eneo likipungua nusu, kanieneo hufanyaje?
3. Kwa kukokotoa: Kani ya nyutoni 600 ikikandamiza eneo la mita za mraba 0.03, kanieneo ni kiasi gani?

Jibu la kwanza ni kwamba makali ya kisu yana eneo dogo, hivyo kani ileile ya mkono hukandamiza zaidi. Jibu la pili ni kwamba huongezeka mara mbili. Jibu la tatu ni paskali 20,000. Anayejibu la kwanza na la pili lakini akakosea la tatu kwa sababu ya kuhamisha nukta anaijua fizikia ya kanieneo. Naye anayejibu la tatu kwa kukariri kanuni, akashindwa la kwanza, bado hajaielewa. Mtihani wenye sura ya tatu peke yake hauwezi kuwatofautisha watu hao wawili.

Namna ya kujipima

Mtu mzima mwenye ugumu wa hesabu anaweza kujipima kwa kufuata utaratibu huu:

- Kuanza na maswali ya "kwa nini" na "vipi", na kujibu kwa sauti au kwa maandishi kwa maneno yake mwenyewe. Anayeweza kumweleza mtoto kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo anajua mvukizo.
- Kupanga vitu kwa ukubwa bila kutaja vipimo, kwa mfano: elektroni, atomu, kirusi, bakteria, chembe nyekundu ya damu, punje ya mchanga. Zoezi hili hupima hisia ya wingi bila kukokotoa.
- Kuchora. Mchoro wa njia ya damu mwilini au wa kupatwa kwa Mwezi huonyesha uelewa kuliko mlinganyo uliokaririwa.
- Kutumia kikokotoo na karatasi ya kanuni katika maswali ya hesabu, bila kujiwekea saa.
- Kusahihisha kwa safu mbili: makosa ya sayansi upande mmoja na makosa ya hesabu upande mwingine. Baada ya maswali 20 au 30 huonekana wazi ni upande upi unaohitaji kazi.

Mitihani ya watu wazima

Nchini Tanzania mtu ambaye hakupita sekondari kwa njia ya kawaida hufanya Mtihani wa Maarifa (QT) unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Masomo ya sayansi katika ngazi hiyo hutahiniwa kwa Kiingereza. Hivyo mtahiniwa mzima hukutana na vizuizi viwili kwa pamoja, lugha na hesabu, kabla ya kufika kwenye sayansi yenyewe. Kwa kawaida biolojia huwa na hesabu chache kuliko fizikia na kemia.

Wanasayansi na hesabu

Michael Faraday (1791–1867), aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme, alikuwa na elimu ndogo ya hisabati. Alifikiri kwa majaribio na kwa picha za mistari ya kani. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyageuza mawazo hayo kuwa milinganyo. Mwanabiolojia E. O. Wilson wa Marekani alieleza kwamba alianza kusoma kalkulasi akiwa na umri wa miaka 32, tayari akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona kwamba maziwa ya moto aliyoyatia kwenye friza ili kutengeneza aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Katika makala aliyoichapisha na Denis Osborne mwaka 1969, Mpemba alisimulia kwamba mwalimu mmoja alilidharau swali lake, kisha kila alipokosea kusoma jedwali la logi akamtania kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Kosa la jedwali halikuwa na uhusiano na alichokiona. Leo jambo hilo huitwa athari ya Mpemba, na wanasayansi bado wanajadili sababu zake.

Mipaka ya upimaji

Maswali ya kweli na si kweli huruhusu kubahatisha: anayejibu 12 bila kujua lolote hutarajiwa kupata kama 6. Pia swali linaweza kupima kitu kingine. Nchini Marekani mwaka 2012 asilimia 48 ya walioulizwa walikubali kwamba binadamu alitokana na spishi za awali za wanyama. Swali lilipoanza na maneno "kufuatana na nadharia ya mageuko", waliokubali walikuwa asilimia 72. Swali la kwanza lilikuwa limepima imani pamoja na maarifa.

Kwa upande mwingine hesabu haiwezi kuondolewa kabisa katika sayansi. Kiasi ndicho kinachotofautisha dawa na sumu, na anayempimia mtoto dawa ya maji kwa mililita hawezi kukwepa namba. Upimaji mzuri hauzifichi namba hizo. Hupima hesabu kama hesabu na sayansi kama sayansi, ili mtu ajue anachokijua na anachohitaji kujifunza.

Tazama pia

- Diskalkulia
- Athari ya Mpemba
- Selimundu
- Elimu ya watu wazima
- Uwezekano