Visheti vya Mwalimu

Mwaka 1990, mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la tatu alikuwa akituuzia visheti darasani. Tulimcheka, jamani! Nilipokuja kusoma historia ndipo nikaona aibu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Kisha ukaja ukata. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na IMF, matumizi yakabanwa, mshahara wa mwalimu ukawa hauvuki wiki mbili. Na ada ikarudi, safari hii ikiitwa "uchangiaji gharama". Msichana niliyekaa naye dawati moja alirudishwa nyumbani kufuata mchango, hakuonekana tena. MMEM ilipoanza 2002, ada ilishafutwa. Yeye keshaolewa, ana watoto wawili.