Mtunzi Hajulikani? Jina na Kisa katika Ushairi wa Wasomali wa Kaskazini Mashariki ya Kenya

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili mkusanyo mdogo wa tungo za kimapokeo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ili wazichambue. Chini ya utungo mmoja kutoka Garissa niliandika, kama ilivyo desturi yetu, "Wasomali: mtunzi hajulikani." Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa mji huo, aliirejesha karatasi bila uchambuzi wowote. Alikuwa ameyapiga mstari maneno yangu, na juu yake ameandika jina la mtu, jina la kisima, na sababu ya ugomvi uliozaa utungo ule. Aliongeza kwamba mjomba wake, ambaye ndiye aliyemfundisha, hakumruhusu hata siku moja kuanza mstari wa kwanza kabla ya kuyataja hayo matatu.

Kosa lilikuwa langu, lakini sikulianzisha mimi. Wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima, na kwamba msanii kueleza kazi yake na kilichomsukuma kuitunga ni jambo lililokuja na kitabu, yaani dibaji, mahojiano na mhadhara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haiufai ushairi wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera. Huko maelezo ya mtunzi juu ya utungo wake huenda pamoja na utungo wenyewe, na historia ya eneo imeyapa maelezo hayo uzito ambao mhakiki hana haki ya kuupuuza.

Sheria ya Mhifadhi

Wasomali hutofautisha aina mbili kuu za tungo. Kuna *hees* za kimapokeo, zikiwemo nyimbo za kazi: za kunywesha ngamia, za kusuka mikeka, za kutwanga. Hizo kweli hazina mwenyewe. Kila anayeshika kamba ya kisima huziimba na kuzigeuza apendavyo. Na kuna *maanso*, ambazo kwa kawaida zina mtunzi anayejulikana na maneno yasiyobadilishwa. Miongoni mwa hizi ni *gabay*, utungo mzito wa mashauri na mabishano, na *buraanbur*, bahari ya wanawake. Tunapoziweka zote katika kapu moja liitwalo "ushairi simulizi", tunawanyang'anya watunzi wa *maanso* kile ambacho jamii yao wenyewe imewapa.

B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis walilieleza jambo hili mapema, katika kitabu chao cha 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali. Mtu aliyeuhifadhi utungo wa mwenzake alilazimika kuutamka kama ulivyo na kumtaja mtunzi kila aughanipo. Ilikuwa hakimiliki isiyoandikwa. Said S. Samatar, katika utafiti wake wa 1982 juu ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan, anatuonyesha wahifadhi wakiwa watu wa cheo mahususi. Sayyid mwenyewe alikuwa na Husayn Dhiqle, aliyezipokea tungo zake na kuzifikisha kwa watu. Neno letu "kuhifadhi" na jina wanaloitwa watu hao kwa Kisomali vina asili moja ya Kiarabu, lakini sisi tumeliachia neno letu lipoe hadi likawa sawa na kuweka kitu kabatini. Kwao, kuhifadhi ni kubeba amana.

Zaidi ya hayo, mtunzi mwenyewe huzungumza juu ya kazi yake ndani ya utungo. *Gabay* nyingi huanza kwa utangulizi ambamo mtunzi hueleza kwamba alikuwa kimya kwa muda, kwa nini sasa amevunja ukimya, na ni nani aupeleke ujumbe wake. Kisha ipo kanuni ya takriri: sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa katika kila mstari, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Kanuni hii humsaidia mhifadhi, kwani neno likidondoka pengo husikika. Na mwaka 1976 mtunzi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipochapisha katika gazeti la Xiddigta Oktoobar la Mogadishu maelezo ya arudhi ya Kisomali, alikuwa akiendeleza kwa kalamu desturi ya watunzi wa kale, ya mtunzi kuwa mhakiki wa fani yake.

Jambo hili halipaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili. Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, anamwita binti yake aje na wino na karatasi kabla ya kumpa wasia, na mwishoni anaeleza habari za mtunzi na mwaka wa utungo. Mwaka 1971 Shihabuddin Chiraghdin aliihariri diwani ya Ahmad Nassir, *Malenga wa Mvita*, akitueleza malenga ni nani kabla hatujazifikia beti zake. Pate, Mvita na Garissa zinakubaliana katika hili: utungo usio na mwenyewe ni kama mgeni asiyejitambulisha mlangoni.

Mipaka na Kumbukumbu

Tofauti iko katika historia. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na wafugaji waliokuwa na visima upande mmoja na malisho upande wa pili wakajikuta wamegawanywa. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa: haikuingiwa wala haikutokwa bila kibali. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 ilizidi kukaza fundo. Mwendo wa mtu na mifugo yake ukawa jambo la ofisi. Utungo haukuhitaji kibali. Ulivuka katika kumbukumbu ya mhifadhi, na kwa kuwa ulibeba jina la mtunzi na kisa chake, aliyeupokea ng'ambo ya mpaka alijua umetoka wapi na unamsema nani.

Tume iliyotumwa mwaka 1962 kusikiliza maoni ya wakazi ilikuta kwamba wengi wao walitaka kujiunga na Somalia. Hata hivyo, mwezi Machi 1963 Uingereza ilitangaza kwamba eneo lingekuwa jimbo la saba la Kenya. Desemba 28 mwaka huo huo, wiki mbili tu baada ya Uhuru, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari. Vita vilivyofuata vilikoma kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, lakini kabla ya hapo, kuanzia 1966, wafugaji walikuwa wamekusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, na mifugo yao mingi ikaangamia.

Mhakiki wa fasihi ana jambo la kulitazama hapa, nalo ni lugha. Waliopigana, waliotoroka, na wakati mwingine hata waliokuwa wakichunga tu, walipewa jina moja: "shifta", neno la Kihabeshi lenye maana ya jambazi. Jina hilo lilikuwa kifuniko. Halikuuliza mtu ni mwana wa nani, anatoka kisima gani, wala ana kisa gani. Sheria ya mhifadhi iliuliza hayo yote. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia walioumizwa katika miaka ile ya vita kuwashtaki waliotenda kwa niaba ya serikali. Mlango wa mahakama ulipofungwa, moja ya sehemu chache ambapo tukio lingeweza kutajwa pamoja na mahali pake, wakati wake na watu wake ilikuwa ni kinywa cha mwenye kumbukumbu.

Hapa tunaweza kupingwa, na pingamizi ni la haki. Je, katika hali ya hatari, kumtaja mtunzi hakukuwa kumtia hatarini? Tunakiri hivyo. Twajua kutokana na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, na ambaye *Sauti ya Dhiki* ilizaliwa katika kifungo hicho, kwamba dola ya siku zile haikuchelea kumwadhibu mtu kwa maneno yake. Basi huenda baadhi ya tungo zinazotufikia leo bila jina zilinyamaziwa kwa makusudi. Lakini hilo linazidi kuthibitisha hoja yetu. Jina lililofichwa na jina lisilojulikana si kitu kimoja. La kwanza ni uamuzi wa wenye utungo. La pili, mara nyingi, ni uvivu wa mkusanyaji.

Kanda, Kitabu na Ushahidi

Kuanzia miaka ya 1970 kanda za kaseti ziliungana na redio kuusambaza ushairi wa Kisomali. Kanda ilihifadhi sauti ya mtunzi mwenyewe, na pamoja nayo utangulizi wake. Maandishi yalikuja kwa njia nyingine. Hati rasmi ya Kisomali ilianza kutumika nchini Somalia mwaka 1972, lakini mtoto wa Garissa alijifunza kuandika kwa Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilipoanza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa kutumia ngamia, mnyama aliyezoea kutajwa katika tungo alipakiwa vitabu vilivyoandikwa, kwa sehemu kubwa, katika lugha zisizo za tungo hizo. Hatulaumu, tunaonyesha tu pengo ambalo sisi wa idara za Kiswahili tulikuwa na nafasi ya kulijaza kwa tafsiri, na tulipojaribu tulipoteza majina njiani.

Umuhimu wa majina hayo ulidhihirika baadaye. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa na watu wakauawa. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilitaja vifo 57. Walionusurika wanataja idadi kubwa zaidi, kwa mamia na hata maelfu. S. Abdi Sheikh aliandika kisa hicho katika *Blood on the Runway* (2007), na mwaka 2015 Judy Kibinge akakitolea filamu, *Scarred*. Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifanya vikao mjini Garissa. Kutoa ushahidi ni kusema mimi ni nani, nilikuwa wapi, niliona nini, na kwa nini nasema leo. Huo ndio muundo wa utangulizi wa *gabay*. Hatudai kwamba ushahidi ni ushairi. Tunadai kwamba jamii iliyozoea kumdai mtunzi ajieleze ilikuwa na kipimo chake cha maneno ya kuaminika muda mrefu kabla ya tume kuundwa.

Na Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Wakenya wa kila pembe walidai wasomewe majina, si hesabu. Siku zile taifa zima lilihitaji sheria ya mhifadhi.

Hitimisho

Tunapendekeza jambo dogo. Kila utungo wa Kaskazini Mashariki unaoingia katika mikusanyo na tasnifu zetu uandikwe pamoja na mambo manne: mtunzi, mhifadhi aliyetupatia, kisa cha utungo, na kama wenye utungo wameridhia majina yatajwe. Pale ambapo jina limezuiliwa, tuandike kwamba limezuiliwa. Pale ambapo hatukuuliza, tuandike kwamba hatukuuliza. Aibu hiyo itatufaa. Maneno "mtunzi hajulikani" tuyaweke kwa tungo ambazo wenyewe wanasema hazina mtunzi.

Karatasi ya yule mwanafunzi ningali nayo. Sikuitia alama, kwa sababu sikuwa na kipimo cha kuipimia. Nilichofanya ni kurudi kwenye mkusanyo wangu, nikafuta maneno yangu mawili, na kuandika jina alilonipa. Tungo nyingine kumi na moja zilibaki na maneno yale yale, na kwa kila moja kuna mjomba wa mtu ambaye bado hatujamuuliza.